Mizani Kando ya Kiwanja: Ndege Ndogo, Uzito na Viwanja Vifupi katika Historia ya Kazi ya Misioni

Utangulizi

Katika kiwanja kidogo cha ndege cha kijijini, mahali pa kwanza pa abiria kusimama si mlangoni pa ndege, bali juu ya mizani. Askofu hupanda mizani hiyo, na mwinjilisti hupanda, na mama mwenye mtoto mgongoni hupanda pia. Begi la mgeni kutoka ng'ambo hupimwa, na kuku aliyefungwa miguu hupimwa. Rubani huandika kilo za kila mmoja katika karatasi yake, hujumlisha, hutazama upepo, hutazama joto, kisha ndipo anaposema nani atasafiri na nani atabaki.

Usharika unapotimiza miaka mia moja, ni desturi njema kukumbuka miguu iliyoleta Injili, punda waliobeba saruji na bati za kanisa la kwanza, baiskeli za wainjilisti, na hatimaye magari ya Dayosisi. Lakini kwa vijiji vilivyokuwa ng'ambo ya mabonde, mito ya masika na mbuga zisizo na barabara, sehemu kubwa ya huduma ya Kanisa, hasa huduma ya afya, ilifika kwa njia ya angani. Wengi wanaikumbuka ndege yenyewe: sauti yake, vumbi lake, na watoto wakikimbia kuilaki. Wachache wanaikumbuka hesabu iliyoiwezesha kutua na kuondoka salama. Sura hii inaieleza hesabu hiyo, kwa maana ndani yake mna fundisho ambalo washarika na wageni wa Dayosisi watalitambua mara moja: nia njema haipunguzi uzito wa mzigo.

Mwanzo wa Safari za Angani

Walutheri hawakuwa wa mwisho kuitambua faida ya ndege. Katikati ya miaka ya 1930, misioni ya Kilutheri katika kisiwa cha New Guinea, iliyotokana na Neuendettelsau huko Ujerumani, ilianza kutumia ndege ya Junkers F 13 iliyopewa jina la "Papua". Ndege ya aina hiyo ilikuwa imeruka kwa mara ya kwanza mwaka 1919, nayo ilikuwa na mwili wote wa chuma chepesi na nafasi ya abiria wanne. Milima ya kisiwa kile ni mikali kiasi kwamba safari ya miguu ya siku nyingi iligeuka kuwa safari ya dakika chache.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, marubani Wakristo waliotoka jeshini walitaka kutumia ujuzi wao kwa kazi ya amani. Mwaka 1945 ndipo lilipozaliwa shirika linalojulikana leo kwa jina la MAF, likiwa na matawi yaliyoanza karibu wakati mmoja nchini Marekani na Uingereza. Safari ya kwanza ya tawi la Marekani ilifanyika mwaka 1946, na rubani wake alikuwa mwanamke, Betty Greene, aliyeongoza ndege ndogo ya Waco kuelekea Meksiko.

Afrika Mashariki na Kati ilijifunza somo lake mapema. Mwaka 1948 Waingereza wawili, Jack Hemmings na Stuart King, waliondoka London kwa ndege ndogo ya Miles Gemini ili kuchunguza jinsi ndege zingeweza kuzisaidia misioni za Afrika. Ndege ile ilikuwa na injini mbili, kila moja ikiwa na nguvu farasi 100 tu. Katika milima ya Burundi ndege ilianguka ikaharibika kabisa, ila wote wawili walinusurika. Injini mbili zilikuwa zimeonekana kuwa kinga. Lakini hewa nyembamba ya milimani haihesabu idadi ya injini. Huuliza tu kama nguvu iliyopo inatosha kuuinua uzito uliopo.

Mwaka 1951 misioni ya Kilutheri huko Madang, New Guinea, ilihudumiwa na ndege ya kwanza ya MAF katika nchi ile, Auster Autocar yenye injini ya nguvu farasi 130. Rubani wake, Harry Hartwig wa Australia, alifariki mwaka huohuo ndege ilipoanguka milimani. Kazi haikukoma. Wengine walikuja baada yake, na pamoja nao zikaja ndege za Cessna. Hata hivyo, kuanzia hapo ilikuwa wazi kwamba ushujaa wa rubani hauwezi kusimama badala ya hesabu.

Sheria ya Hewa Nyembamba

Ndege huinuliwa na hewa inayopita juu na chini ya mabawa yake. Ili hewa hiyo itoshe kuibeba, ndege inahitaji mwendo; ili ipate mwendo, inahitaji umbali wa kukimbia. Uzito ukiongezeka, mwendo unaohitajika huongezeka, na umbali nao huongezeka zaidi. Marubani wanayo kanuni rahisi: uzito ukizidi kwa sehemu moja ya kumi, mbio za kupaa hurefuka kwa takribani sehemu mbili za kumi.

Aidha, kiwanja kikiwa juu zaidi, hewa huwa nyembamba. Kila mita 300 za mwinuko huongeza takribani sehemu moja ya kumi katika mbio hizo. Kila nyuzi 10 za joto huongeza sehemu nyingine ya kumi. Majani makavu huongeza sehemu mbili za kumi, na yakiwa yamelowa huongeza tatu. Udongo laini, mpando na upepo wa mgongoni kila kimoja hudai sehemu yake. Na mambo haya hayajumlishwi. Huzidishwa, moja juu ya jingine.

Chukulia mfano wa ndege ya Cessna 206, ambayo imetumika sana katika kazi ya misioni. Kwa mujibu wa kitabu chake, ikiwa imejaa, katika usawa wa bahari, siku ya baridi ya wastani na juu ya lami, magurudumu yake huachana na ardhi baada ya takribani mita 275. Sasa ipelekwe katika kiwanja cha nyanda za juu, mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kama zilivyo sehemu nyingi za kaskazini mwa Tanzania. Mita 275 zinakuwa karibu 470. Iwe saa nane mchana, nyuzi 28, yaani joto linalozidi kwa nyuzi 24 kiwango kinachotazamiwa katika mwinuko huo: zinakuwa 590. Kiwanja kiwe cha majani makavu: zinakuwa zaidi ya 700. Rubani mwangalifu huongeza theluthi moja kwa ajili ya usalama, hivyo anahitaji mita 940. Na hapo hajaihesabu miti iliyo mwisho wa kiwanja.

Ndege haikubadilika. Ni ileile, yenye viti vilevile na injini ileile. Lakini mchana ule, katika mwinuko ule, injini yake isiyo na kisukuma hewa imepoteza karibu robo ya nguvu zake, na mabawa yake yanafanya kazi kana kwamba kiwanja kiko mita 2,600 juu ya bahari. Mgeni anayeitazama kwa macho haoni tofauti yoyote.

Bawa Linalokubali Mwendo wa Polepole

Wahandisi walijaribu kulitatua jambo hili kwa kuliumba bawa upya. Nchini Marekani, wasomi wawili, Otto Koppen na Lynn Bollinger, walibuni ndege iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1949, ambayo baadaye ilizaa ndege maarufu ya Helio Courier. Katika ukingo wa mbele wa bawa lake kulikuwa na vipande vilivyochomoza vyenyewe ndege ilipopunguza mwendo, vikiielekeza hewa iendelee kulikumbatia bawa. Nyuma ya bawa kulikuwa na flapu kubwa zilizoteremshwa ili kuongeza nguvu ya kuinua. Kwa njia hiyo ndege iliweza kuongozwa kwa utulivu hata katika mwendo wa takribani kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao ndege nyingine zingekuwa zimekwisha kuanguka.

Shirika la JAARS, lililoanzishwa mwaka 1948 na William Cameron Townsend ili kuwasafirisha watafsiri wa Biblia, liliitumia Helio kwa miaka mingi katika misitu ya Amerika ya Kusini na kwingineko. Lakini hakuna zawadi isiyo na gharama. Injini yake iliyozungusha rafadha kupitia gia ilitaka matunzo ya karibu, ndege yenyewe ilikuwa ghali, na zilizotengenezwa hazikufika hata mia sita. Misioni yenye fedha kidogo ililazimika kuuliza: je, ni heri ndege moja inayotua mahali pote, au mbili zinazotua mahali pengi?

Nchini Ecuador, rubani Nate Saint wa MAF alilijibu swali hilo kwa ubunifu wa mikono yake. Ndege aliyotumia ilikuwa Piper Family Cruiser, nyepesi, yenye nguvu farasi 115. Kwa kuwa injini ilikuwa moja tu na chini kulikuwa na msitu mtupu, alibuni njia ya pili ya kupeleka petroli kwenye injini iwapo ile ya kwanza ingeziba. Hakuongeza injini ya pili. Aliongeza tangi dogo na mrija. Vilevile, mahali ambapo hapakuwa na kiwanja kabisa, aliteremsha ndoo kwa kamba ndefu huku ndege ikizunguka angani, hata ndoo ikatulia chini na watu wakaweza kutia na kutoa vitu.

Mwezi Januari 1956 aliitua ndege hiyo katika ukingo wa mchanga wa Mto Curaray, akirudi mara kwa mara na mzigo mdogo mdogo, kwa sababu mchanga ule usingemruhusu kubeba vyote kwa safari moja. Tarehe 8 Januari yeye na wenzake wanne waliuawa mahali pale na baadhi ya watu wa kabila la Waorani waliokuwa wamekwenda kuwahubiri. Historia ya Kanisa imewakumbuka kwa kifo chao. Inafaa wakumbukwe pia kwa safari zile fupi fupi zilizotangulia, ambazo kila moja ilipimwa kabla ya kuanza.

Gari la Kazi lenye Mabawa

Afrika Mashariki, jibu la wengi lilikuwa Cessna 206, iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1960. Si ndege ya ajabu. Haiwezi kuruka polepole kama Helio. Lakini ina injini yenye nguvu farasi 300 katika matoleo mengi, mabawa yaliyo juu ya mwili yasiyogonga vichaka, magurudumu yasiyokunjwa ambayo hayana mengi ya kuharibika, na mlango mpana wa mizigo unaopitisha machela. Vipuri vyake vilipatikana Nairobi, na mafundi wengi waliifahamu. Katika kazi ya misioni, ndege inayoweza kutengenezwa ina thamani kuliko ndege inayoweza kusifiwa.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza kutoa huduma mwaka 1955 kwa juhudi za Misioni ya Kilutheri ya Norwei, ni ushahidi ulio karibu. Ipo katika nyanda za Mbulu, takribani mita 1,700 juu ya bahari, mbali na miji mikubwa. Kwa miaka mingi ndege za MAF ziliwachukua wauguzi wa hospitali hiyo kwenda kwenye kliniki za mama na mtoto katika vijiji vya mbali, zikibeba chanjo katika masanduku ya baridi na kurudi na wagonjwa ambao wasingeistahimili barabara. Aidha, kutoka Arusha, huduma ya ndege za tiba iliyoanzishwa na mapadre Wakatoliki ilizitumia ndege za aina hiyohiyo kuwafikia Wamaasai katika mbuga zao. Katika jambo hili madhehebu hayakugombana, kwa kuwa hesabu ya uzito ni moja kwa Mlutheri na kwa Mkatoliki.

Vifaa: Kinachoongezwa na Kinachoachwa

Uzito wa juu unaoruhusiwa kwa Cessna 206 ni kilo 1,633. Chukulia kwamba ndege yenyewe, pamoja na redio na vifaa vya kazi, ina kilo 1,000. Zimebaki 633. Rubani ana kilo 80, zimebaki 553. Petroli ya saa mbili pamoja na akiba ya dakika 45 ni takribani lita 157, zenye uzito wa kilo 113, zimebaki 440. Hapo hajaingia mgonjwa wala muuguzi. Hivyo basi viti sita si ahadi ya watu sita. Viti hueleza nafasi tu, ilhali mizani hueleza ukweli.

Kwa sababu hiyo kila kifaa kilipaswa kujitetea. Vifuniko vya magurudumu, vinavyoifanya ndege iende kasi kidogo na ipendeze, viling'olewa kwanza, kwa kuwa hujaa matope. Magurudumu makubwa yaliwekwa ili kuvumilia mawe na mashimo ya ngiri, ingawa yalikuwa mazito na yaliipunguza ndege mwendo. Sanduku la mizigo lilifungwa chini ya tumbo la ndege ili dawa zisigombee nafasi na watu, ingawa nalo lilikuwa na uzito wake na lilikokota hewa. Viti visivyohitajika viliachwa ghalani. Mikanda ya mabega iliongezwa bila kujadiliwa, kwa sababu ilikuwa imethibitika kuokoa uhai katika ajali ambazo mkanda wa kiunoni peke yake haukutosha.

Bawa nalo lilifanyiwa marekebisho. Ukingo wake wa mbele uliweza kuvikwa umbo la mviringo zaidi, na juu yake vikabandikwa vipezi vidogo vinavyoikoroga hewa ili isiachane na bawa mapema. Vipezi hivyo ni vyepesi sana, na faida yake ni rubani kuweza kuja polepole na kutua mahali pafupi. Lakini hapa palikuwa na mtego. Vifaa vinavyofupisha kutua mara nyingi husaidia zaidi wakati wa kutua kuliko wakati wa kupaa ndege ikiwa imejaa. Kiwanja kinachompokea mgeni si lazima kimruhusu aondoke na mzigo wake.

Kisukuma hewa cha injini, kinachorudisha nguvu zinazopotea katika mwinuko, kilikuwa chaguo jingine. Hakika kilisaidia. Lakini kiliongeza uzito, joto na kazi ya fundi, na mahali penye fundi mmoja kwa ndege kadhaa hilo halikuwa jambo dogo. Mafuta ndiyo yalikuwa mzigo uliobadilika kila siku. Kuondoka na tangi pungufu kulimaanisha kubeba mtu mmoja zaidi. Kulimaanisha pia kutegemea kwamba mawingu hayataifunga njia ya kurudi. Marubani waliofanya kazi kwa miaka mingi hawakuigusa akiba ya mafuta ili kumpendeza mtu yeyote.

Neno Gumu Kuliko Yote

Sasa hesabu hizi mbili zikutane, ya kiwanja na ya uzito. Kijijini kuna kiwanja cha mita 800, kisicho na miti mwishoni. Mama aliyeshindwa kujifungua amelazwa juu ya machela. Mgonjwa, muuguzi, machela na vifaa vyote vina kilo 160. Katika zile 440, zimebaki 280. Mume wake anataka kwenda. Mama mkwe anataka kwenda, kwa maana nani atampikia mzazi huko hospitalini? Dada wa mgonjwa naye amefunga mzigo wake, na gunia la mahindi liko tayari, kwa sababu mgonjwa bila chakula cha nyumbani ni mashaka.

Ikiwa ni saa nane mchana, ndege iliyojaa inahitaji mita 940, nazo hazipo. Ikipunguzwa sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 163, itahitaji takribani mita 780, nazo zipo. Katika zile kilo 280 sasa zimebaki 117. Hapo anaweza kwenda mtu mmoja na kifurushi chake. Wengine wawili watabaki chini ya mti pamoja na gunia.

Ni wakati huo rubani anaposema hapana. Anasema kwa mama mkwe mwenye umri wa kumzaa, aliyekwisha kumwita mwanangu, na anayemhakikishia kwamba yeye ni mwepesi na hana hata mfuko. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa kweli kila anayeomba nafasi huuona uzito wake kuwa si kitu. Rubani akikubali kwa huruma, hatavunja kanuni ya ofisini tu. Atauweka uhai wa yule mama wa machelani, wa muuguzi na wa mtoto asiyezaliwa juu ya mita ambazo hazipo. Huruma isiyohesabu imewaua watu katika viwanja vya namna hii duniani kote, na mara nyingi waliokufa walikuwa walewale waliohurumiwa.

Lakini hesabu hiyohiyo ina mlango wa pili. Ikiwa mgonjwa anaweza kungoja hadi alfajiri, joto likiwa nyuzi 14, ndege iliyojaa itahitaji takribani mita 820 badala ya 940. Kwa kupunguza kilo 20 tu, mita 800 zinatosha. Zile kilo 280 zinakuwa 260, na mume, mama mkwe na dada wanaweza kwenda pamoja, ingawa gunia itabidi lipunguzwe. Hii ndiyo sababu ndege za misioni zilizoea kuondoka alfajiri. Lakini kungoja kuna hatari yake, na uchungu haungoji mapambazuko. Kati ya hatari ya kungoja na uzito wa ndugu, mganga na rubani walipaswa kuchagua, na uchaguzi huo haukuandikwa katika kitabu chochote cha ndege.

Jembe Nalo ni Kifaa

Katika mfano huo, kinachotenganisha ndege iliyojaa na ndege iliyowaacha watu wawili ni mita 140 za kiwanja. Hakuna kiwanda kilichoziuza mita hizo. Zililimwa. Katika vijiji vingi wanaume kwa wanawake walitoka na majembe, mapanga na mafyekeo, wakang'oa visiki, wakafukia mashimo ya ngiri, wakabeba mawe na kusawazisha vichuguu. Kila masika majani yalirudi, nao wakarudi. Mtu aliyefyeka majani marefu kabla ya ndege kuja alikuwa ameirudishia ndege ile nguvu ambayo majani yangeinyang'anya. Aliyewafukuza ng'ombe kiwanjani na kuangalia bendera ya upepo alikuwa akifanya kazi ya urubani kwa sehemu yake.

Watu hawa hawakupigwa picha kando ya ndege. Majina yao hayamo katika taarifa zilizopelekwa ng'ambo kwa wafadhili, ambazo zilitaja ndege, rubani na kilomita zilizosafiriwa. Lakini kwa hesabu iliyo wazi, jembe lililoongeza mita 140 liliwapatia watu wawili nafasi ndani ya ndege, jambo ambalo vipezi vya bawa na magurudumu makubwa vilishindwa kulifanya mchana ule. Usharika unaoandika historia yake kwa miaka mia moja ungekosa haki kama ungewasahau.

Zama za Injini Mpya

Kadiri miaka ilivyopita, petroli ya ndege ilizidi kuwa ghali na adimu katika sehemu nyingi za Afrika, ilhali mafuta ya ndege kubwa, yaliyo jamaa ya mafuta ya taa, yaliendelea kupatikana. Cessna 208 Caravan, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1982, ilikuja na injini ya tabaini inayotumia mafuta hayo. Mashirika mengi ya misioni yaliipokea kwa sababu inabeba zaidi ya mara mbili ya mzigo wa 206.

Baadaye ilikuja Kodiak, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 2004 na kuidhinishwa mwaka 2007. Iliundwa tangu mwanzo kwa kufikiria viwanja vya misioni, na mashirika ya misioni yalishiriki kuiwezesha. Ina nguvu farasi 750, na ikiwa na uzito wake wote wa kilo 3,291 magurudumu huiacha ardhi baada ya takribani mita 285 katika usawa wa bahari. Ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, bei yake ni mara nyingi ya 206 iliyotumika, na injini yake ikihitaji matengenezo makubwa, gharama hiyo yaweza kulielemea shirika dogo. Swali la zamani limebaki palepale. Namba zake tu ndizo zimekuwa kubwa zaidi.

Hitimisho

Bwana Yesu aliwafundisha wanafunzi wake kuhusu mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye sharti kwanza aketi na kuhesabu gharama. Mara nyingi mfano huo huhubiriwa kuhusu fedha za jengo. Historia ya ndege ndogo inaonyesha kwamba unahusu pia huruma. Wale walioihudumia jamii kwa njia ya angani hawakupungukiwa upendo walipouliza uzito wa kila mtu. Waliuliza kwa sababu ya upendo, wakijua kwamba ndege haitambui cheo, haisikii maombezi ya jamaa, na haipewi msamaha na hewa nyembamba.

Usharika unaoingia katika karne yake ya pili utakuwa na mipango mingi: shule, zahanati, magari, majengo. Kila kamati itaombwa iongeze kitu kimoja zaidi, na kila kitu kimoja kitaonekana kuwa chepesi kama usufi. Ni vema wazee wa Kanisa waikumbuke mizani ile kando ya kiwanja, ambayo askofu na mama mwenye mtoto waliipanda kwa zamu, na rubani akaandika kilo za wote wawili katika karatasi moja.